Mikunazi Niliyoing'oa

Baba yangu,

Assalamu alaika huko uliko. Kaburini sisi wanawake hatuji, na hili siwezi kumtuma kaka akufikishie. Ndiyo nikaamua kukuandikia.

Unakumbuka mkahawa ulipofunguliwa ng'ambo ya njia, hapa kwetu Tononoka? Wanaume wakawa wanakaa mabenchini kutwa, nyuso zimeelekea uani kwetu, na ua wetu ulikuwa waya mtupu. Mama akaacha kukaa nje. "Hata kwangu sina sitara?" aliuliza siku moja. Jioni ya pili ulirudi kutoka Kizingo, kwenye bustani za watu ulizozitunza umri wako wote, na miche saba ya mikunazi ya kupanda ua, ndani ya gunia.

Mimi nilitaka ukuta. Ukaniambia, "Ukuta utazuia macho, na upepo pia. Joto hili la Mombasa, mamako atapumua nini?"

Mikunazi ilikuwa imenifika kiunoni mwanangu Salma alipochomwa mwiba kiganjani. Alilia sana, hasira zikanipanda. Wewe ulikuwa msikitini, Mama yuko Kisauni kwa dadake. Niliing'oa yote saba. Uliporudi ulitazama vile vishimo, ukauliza tu, "Mtoto hajambo?" Kisha ukaingia ndani. Mama aliporudi ukamwambia ni mbuzi wa jirani. Wewe, Baba, usiyejua kusema uongo. Bora ungenigombeza.

Siku uliyofariki, waoshaji waliomba majani ya mkunazi ya kukuoshea. Mjomba akatoka kwenda kubisha milango ya watu. Nilisimama pale dirishani nikitazama waya. Umewapandia watu miti maisha yako yote, na majani ya kukuoshea wewe tukayaomba kwa wenzetu. Sikulia. Nilishindwa hata kulia.

Mama alikaa eda chumbani, dirisha limefungwa kwa sababu ya macho ya mkahawani, miezi minne na siku kumi. Kila nikimpelekea chakula nilimkuta jasho linamtiririka. Ndipo nikaenda kwa muuza miche. Alinionyesha mchongoma, miiba yake mirefu kama sindano za kushonea magunia. Nikafikiria macho ya watoto, nikaukataa. Mdimu nao una miiba, lakini watoto wangezifuata ndimu. Mwishowe nikachukua bogenvilia, maana hukua haraka, nikazitambaza kwenye waya upande wa njia. Upande wa pili nikapanda mikunazi, nikaizungushia matofali kwa ndani ili Salma asiifikie. Karibu na mlango hakuna mwiba hata mmoja, ni asumini tu. Nilichimba mwenyewe. Kila nilipochomwa nilisema, haya, nastahili.

Sasa ua umenipita kimo. Juzi baada ya alasiri Mama alitoka, akatazama upande wa njia, akasikiliza. Sauti za mkahawani zilikuwapo, watu hawaonekani. Akavua mtandio. Alikuwa ameosha nywele. Zimekuwa nyeupe zote, Baba, nami sikujua. Akaketi kwenye kigoda, na upepo ukawa unampitia. Kisha akalia. Tangu msiba hakuwa amelia kwa sauti, kila mara palikuwa na mtu anayemtazama. Alikuita kwa jina, mara mbili, tatu. Nilizima jiko nikabaki jikoni. Sikumwendea.

Alipoingia macho yamevimba, alinishika mkono wenye makovu ya miiba, akasema, "Babako angefurahi. Wale mbuzi walimvunja moyo sana."

Nikanyamaza. Baba, nilinyamaza tena!

Nisamehe. Kwa miche, na kwa uongo ulioubeba kwa ajili yangu. Nakuahidi, kesho tukimaliza chai ya asubuhi nitamweleza Mama kila kitu, kwa kinywa changu. Akikasirika, ni haki yake. Nitakaa palepale mbele yake mpaka amalize.

Mola akupanulie kaburi lako, alitie nuru.

Mwanao,
Mwanaisha