Kitu cha Kumpa Mungu

Igoma, Mwanza
Jumamosi, 16 Machi 2024

Kaka Mayala,

Shikamoo. Natumaini nyote hapo Nansio ni wazima, na kifua cha shemeji Kokulinda kimepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi sina. Nilikupigia simu mara mbili nikaishia kukusalimu tu, ulimi ukakataa. Naomba mwanao Josephat asiingie ziwani na mtumbwi uliomnunulia mpaka uimalize barua hii.

Unajua kazi yangu ya kutafsiri makaratasi ya wakili, mzee Anatory. Wiki iliyopita nilikutana na neno la Kiingereza, deodand, ambalo sikuwahi kuliona popote. Mzee akanieleza kuwa linatokana na Kilatini, kitu cha kumpa Mungu. Zamani kule Uingereza, farasi, mkokoteni au chombo kikiua mtu, mwenyewe alinyang'anywa, kikachukuliwa na mfalme kwa niaba ya Mungu. Chombo cha baharini kiliachwa, cha maji baridi hakikusamehewa. Alicheka akisema sheria hiyo ilifutwa treni zilipoanza kuua watu na matajiri wenye treni wakalalamika. Mimi sikucheka.

Nilimkumbuka baba. Baada ya mazishi wazee walisema mtumbwi uliomzamisha usiguse maji tena, nikakabidhiwa shoka niupasue na kuuchoma. Niliwaambia nimeuchoma, mkaniamini nyote.

Kaka, sikuuchoma. Tamaa ilinishika, nikamuuzia mvuvi wa Magu. Ubao wa chini ulikuwa umeoza, ndio uliomuua baba. Niliuziba kwa lami na kipande cha bati, nikapaka rangi juu ili mnunuzi asione. Mvuvi yule alizama mwaka jana, na mjane wake akauuza mtumbwi. Juzi uliponitumia picha ya mtumbwi wa Josephat umepinduliwa ufukweni, niliona bati langu na misumari niliyoipigilia mwenyewe. Ulisema anaanza nao Jumatatu.

Uchome leo, kaka, mbele ya watu, na uwaambie sababu. Ukinikana mbele yao sitakulaumu. Naona aibu hata kuandika jina langu hapa chini.

Naituma na meli ya leo. Wasalimie watoto wote. Na kama Josephat ameshatoka nao, tafadhali shemeji asisomewe barua hii.

Mdogo wako,
Elias