Shamba la Ufuoni na Mizinga ya Baba

Kaka yangu Nyaga, uliyelala kando ya maji,

Nakuandikia kwa Kiswahili, wala si kwamba nimesahau lugha ya mama. Kimbeere ninakitunza kwa watu ninaokula nao. Kiswahili ndicho ulichotumia asubuhi ile ya Hali ya Hatari, mbele ya yule mzungu na wenzako wa homgadi, wale askari wa kijiji wa mkoloni, kwa hiyo tumalizane kwa hicho hicho.

Wanao wameweka kibao pale barabara inapoteremka kuelekea bwawa la Kiambere. Kinasema shamba linauzwa, liko ufuoni, pazuri kwa kuvua samaki, kwa mashua, na kwa kutazama viboko na ndege wa kila aina. Nilikuwa natoka kanisani. Nilisimama na Biblia yangu kwapani nikakisoma polepole. Kila kilichoandikwa pale niliwahi kuwa nacho, nikiwa na wewe, na hakuna aliyetutoza kitu.

Unakumbuka mtumbwi? Wakati huo hakukuwa na bwawa, palikuwa na mto Tana tu, ukipita chini ya shamba la baba, mwekundu wakati wa mvua. Rafiki yako Mkamba wa ng'ambo ndiye aliyekufundisha kuvua, nawe ukanifundisha mimi, kwa uzi wa katani na ndoana ya waya. Ulikuwa ukiniweka mbele ya mtumbwi nichunge viboko. "Ukiona masikio usipige kelele," uliniambia, "nionyeshe kwa kidole tu." Nilikuwa nikionyesha kwa kidole, nawe ukigeuza kasia taratibu hadi tukavuka. Sikuwahi kuogopa mto nikiwa nawe.

Watu wetu hawakula samaki. Mama alipotunusa mikono alisema, "Hao nyoka wenu hawaingii kwenye chungu changu." Basi tuliwachoma huko huko mtoni, juu ya mawe. Ulinipa minofu, wewe ukafyonza vichwa. Hilo nalikumbuka, na linaniudhi, kwa sababu ningependa kukuchukia bila kukatizwa.

Baba yeye alikuwa mtu wa nyuki. Pale juu, kwenye ule mgunga mkubwa ulioegemea upande wa mto, alitundika mizinga ya magogo aliyoichonga mwenyewe, na kila mmoja akauchoma alama yake kwa chuma cha moto, mishale miwili iliyokutana. Wewe na mimi tulilelewa tukijua sheria yake. Kwetu Mbeere mzinga ni wa aliyeutundika, hata mti uwe wa nani. Mti wenye mzinga wa mtu haukatwi, na anayeugusa mzinga bila ruhusa analaaniwa na ukoo wake mwenyewe, yeye na watoto wake.

Wewe ulikuwa umemwomba baba akugawie upande wa mtoni, akakwambia ungoje. Hukungoja. Ulienda kujiandikisha homgadi, ukarudi na kitambaa cha kazi kimefungwa mkononi na bunduki begani, halafu asubuhi ile ukaja na wenzako na mzungu wao, ukamwonyesha baba kwa kidole. Ndivyo ulivyonifundisha kuonyesha kiboko. Ukasema, "Ni huyu. Ndiye anawapelekea asali wale wapiganaji wa vichakani."

Baba alikuwa ameshika mwenge wa kufukizia nyuki, na moshi bado unatoka. Aliuweka mwenge chini, akauzima kwa mguu ili nyasi zisishike moto, akanitazama mimi. Alisema kwa Kimbeere, majirani wakisikia, "Mizinga ni yako. Usiiache ikafa." Walimpakia kwenye lori, na habari iliyorudi ni kwamba amefia kambini. Kaburi lake hatujaonyeshwa hadi leo.

Mama na mimi ukatupeleka juu kwenye mawe, mahali ambapo hata mtama unajuta kuota. Wapimaji wa ardhi walipokuja, miaka mingi baadaye, mama alikuwa ameshakufa, nawe uliwatembeza kwenye mipaka ukivaa koti la baba, wakaandika jina lako. Ulichukua shamba, ukachukua mbuzi, ukachukua hata kigoda alichokuwa akikalia. Mizinga hukuigusa. Mwanamume mwenye bunduki, ukaogopa vipande vya magogo.

Kila msimu nilikuja. Wanawake hawapandi kwenye mizinga, kwa hiyo mume wangu alipanda, na alipozeeka akapanda mwanangu. Mzinga ulipooza tulichonga mwingine, tukauchoma mishale ile ile na kuurudisha pale pale. Ulikuwa ukikaa mlangoni kwako ukitutazama tukipita na ndoo. Mara moja uliniita kwa jina la utotoni. Niliendelea kutembea.

Halafu bwawa likajengwa na maji yakapanda. Yalifunika pale tulipochomea samaki, yakafunika mahali mtumbwi ulipofungwa, yakaja kusimama chini kidogo ya mgunga. Watu wakasema Nyaga ana bahati, amelala na shamba kavu akaamka na ziwa. Nilikaa na hasira ile miaka mingi, kaka, sikufichi. Nilipokuwa nikiomba kanisani nilikuwa naruka pale pa kuwasamehe waliotukosea. Ulipokufa wakakuzika hapo hapo, hatua chache kutoka kwenye mti, ili utazame maji. Nilikuja mazishini nikala wali wenu, nikaenda zangu.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mnunuzi alikuja kutoka Nairobi na mkewe, wakazungushwa kwa mashua, wakaona viboko, wakafurahi. Anataka kujenga vibanda vya wageni. Lakini mke alisikia mvumo kutoka kwenye mgunga, halafu akaona msalaba wako. Wakasema watanunua kukiwa safi: mizinga iondoke na kaburi liondoke.

Wanao walitafuta mtu wa kupanda. Walitafuta hapa, wakatafuta Ukambani, wakaahidi hela nzuri. Kijana mmoja mwenye pikipiki alifika hadi chini ya mti, akatazama ile mishale miwili, akawaambia, "Mimi niko na watoto," akawasha pikipiki akaondoka.

Ndipo mwanao mkubwa akaja kwangu, kule kwenye mawe, na sukari na majani chai. Akavua kofia. Nilimpa uji, maana hakunikosea yeye.

"Tata, si uelewe tu," akasema, akiniita shangazi kwa lugha yetu. "Huyo mnunuzi hataki maneno ya nyuki. Tunakuomba utoe hiyo mizinga. Na hiyo kaburi ya baba tumepata ruhusa ya kuitoa, lakini sasa tutampeleka wapi? Sisi wote tuko na ploti za mjini. Tumeona ni hapa kwako tu. Na ni ndugu yako. Damu ni nzito."

Nikamwambia siku ile ya lori sikuona uzito wake.

Kaka, unaelewa alichokuwa akiniomba? Nikupe ardhi. Wewe, uliyetuleta kwenye mawe haya, uje kuomba nafasi ya mtu mmoja kwenye mawe haya haya. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona haya kidogo, kisha ile haya ikanitoka. Wanasema malipo ni hapa hapa duniani, na mimi nilikuwa nimeanza kudhani wanatudanganya.

Nimekataa yote mawili. Mizinga haitoki na wewe hutoki. Mnunuzi amerudi Nairobi. Kibao kimebaki na jua linakipausha.

Mgunga ukimaliza maua nitakuja, kama kawaida. Mwanangu atapanda, nami nitasimama chini na ndoo. Asali ya kwanza ni ya wazee, na ya baba nitaimwaga kwenye maji, kwa kuwa sijui alikolazwa. Nitapita kando yako nikienda, nitapita tena nikirudi na ndoo imejaa, na sitasimama. Ulilitaka shamba hili kuliko ulivyomtaka baba. Basi kaa nalo.

Lala ulipolala,
Mimi dada yako mdogo, mwenye mizinga