Mama, Sasa Wananiuliza Mimi Kama Sinema Ni Nzuri

Babati, Ijumaa jioni

Mama yangu,

Nimetoka ukumbi wa sinema alasiri hii. Nimesonga ugali, nikauangalia mpaka ukapoa. Nimejaribu kusahihisha madaftari ya darasa la nne, nikampa mtoto mmoja alama za mwenzake. Basi nimeona niandike, kwa sababu kazi hii nimeirithi kwako bila kuiomba, na wewe ndiye pekee ungeweza kuniambia inafanywaje.

Baba Zuberi alinifuata shuleni jana. Unajua jinsi fundi yule asivyopenda kuachana na mashine yake ya sinema, kwa hiyo nilipomwona amesimama dirishani kofia mkononi nilijua kuna jambo. Akasema makopo ya mikanda yameshuka kwenye basi la Arusha, na tangu uondoke hajapata mtu wa kukaa mbele ya shuka la kuonyeshea wakati anajaribu picha. Halafu akatoa lililomleta. Wenye ukumbi wamesema Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Watu wasipojaa, viti vinatolewa nje na magunia ya mahindi yanaingia, maana maghala yamejaa na mvua ziko njiani. Tangu ufe, Mama, watu wameacha kwenda sinema. Si kwamba wameichoka. Hawana wa kumuuliza.

Nakumbuka ulivyoanza. Ulikuwa unauza karanga mlangoni pale, na Ijumaa moja Baba Zuberi akakuita ndani ukae kiti cha mbele, umwambie picha ikikaa upande. Yeye akiwa kazini huwa haangalii picha, anaangalia mashine. Mikanda yenyewe ilikuja imekatika na kuungwa mara nyingi, ikabidi aipitishe yote kabla ya kuionyesha kwa watu. Wewe ukakaa na sinia lako mapajani, madirisha yamezibwa kwa magunia, ukaona sinema yako ya kwanza. Kihindi hukukijua, Kiingereza hukukijua, na Kiswahili chako chenyewe kilikuwa na milima ya Mbulu ndani yake. Lakini ulirudi nyumbani ukatusimulia mpaka Baba, Mungu amrehemu, akasahau kuwasha redio.

Kesho yake bombani wanawake wakataka kujua. Ukaweka ndoo chini, ukawaambia, na jioni ile wote walikuwa ukumbini na waume zao. Ndivyo ilivyoanza, na baadaye ikawa ni desturi. Jumamosi asubuhi hapa Maisaka hakuna aliyekuwa anachota maji kabla hujafika. Wa kijiji cha Nakwa walimtuma mtu. Wa Mutuka, walio mbali zaidi, walisubiri anayetoka sokoni awaletee neno lako. Ukisema "Hii inafika Mutuka," ilikuwa na maana kwamba mtu atatembea hadi kwake huko na bado atakuwa na cha kuongea njiani. Ukisema "Hii inaishia mlangoni," Baba Zuberi alijua leo jenereta litawangurumia popo tu.

Mimi, msomi wa nyumba, nilikuwa nakuonea aibu kidogo. Unakumbuka lile gazeti? Lilifika shuleni limechelewa kama kawaida, na ndani yake mhakiki mmoja wa Dar es Salaam ameisifu filamu ileile iliyokuwa imekuja kwetu. Ameandika kwamba ina mafunzo mazito, kwamba kila mwananchi makini aione. Nikaja nalo bombani, nikawasomea kwa sauti yangu ya darasani. Wote wakasikiliza vizuri sana, kisha wakageuka kukuangalia wewe. Ukauliza kama huyo aliyeandika alitembea kwenda kuiona. Nikasema sidhani, mjini kuna mabasi. Ukanyanyua ndoo yako ukasema, "Basi amewaandikia wenye mabasi." Ukumbi haukupata watu wa kujaza hata safu za mbele. Niliona uchungu siku ile, Mama. Sasa ningetoa chochote nisikie ukinijibu hivyo tena.

Na ile ya sabuni. Ule ulikuwa mwaka ambao sabuni ilikuwa inasikika tu, tukifulia majani ya mpapai, na unga wa njano wa msaada tukiupangia foleni tangu alfajiri. Baba Zuberi alikuwa ameleta picha ya vita isiyoeleweka nani anampiga nani. Dizeli alikuwa ameipata kwa kibali baada ya kwenda ofisini mpaka mlinzi akamzoea. Akakuletea kipande cha sabuni kimefungwa kwenye gazeti, akakuomba useme ni nzuri. Ulikishika, ukakinusa. Nilikuona ulivyofumba macho. Kisha ukanipa mimi nikirudishe, ukasema nimwambie nguo zetu zitasubiri. Nilikirudisha nikiwa nimenuna njia nzima.

Sidhani kama ulikuwa mtakatifu, lakini. Ulikosea pia, na ulipokosea ulikosea vibaya. Siku ile karatasi za namba zilipobanduka kwenye makopo, Baba Zuberi akaanza na kopo la mwisho bila kujua. Wewe ukaona stelingi anapigwa risasi, anazikwa, mama yake analia kaburini, halafu kopo linalofuata yuko mzima, anacheza ngoma na kuchumbia. Ulitoka pale umeloa jasho. Ukawatangazia wanawake kwamba umemwona mtu akifufuka, na tena hana kinyongo na mtu. Jumamosi ile watu walikaa mpaka madirishani. Katekista mwenyewe alikuja. Kumbe Baba Zuberi usiku ule amegundua kosa lake na kuyapanga makopo sawasawa. Stelingi akacheza, akachumbia, akapigwa risasi, akazikwa, taa zikawaka. Watu wakabaki wamekaa wanasubiri afufuke. Baba Zuberi akaeleza kuhusu namba, wakamzomea. Wakamwambia aionyeshe kama wewe, Mama Tere, ulivyoiona, au asitoke. Basi akarudisha kopo la mwisho, akafuatisha la kwanza, na yule kijana alipotokea anacheza ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikajiuliza kama yule wa gazeti amewahi kuwafanya watu wadai filamu ipinduliwe ifanane na maneno yake.

Sasa nikueleze ya leo.

Nimekaa kiti chako. Picha ni ya watu wenye nyumba kubwa, wanakunywa chai na kugombea urithi. Kopo la kwanza chai, la pili chai. Kwenye la tatu mama mwenye nyumba anaugua na kufa, na kabla sijameza mate binti yake yuko bustanini, gauni jipya, anaimba. Hakuna aliyemfunika yule mama. Hakuna jirani aliyeingia. Nilikaa nikisubiri warudi kwake, na mkanda ukaisha hawajarudi.

Baba Zuberi akazima mashine akaniuliza ninasemaje. Nikaendelea kuangalia shuka. Akaja akakaa kiti cha pili, mikono yake ina mafuta, akasema, "Mwanangu, sema tu ni nzuri. Mara hii moja." Hakuleta sabuni. Angeleta ningepata cha kukataa. Alikuwa anaomba tu, mzee wa watu, na mimi ninajua bila mashine ile hana kingine anachokijua duniani.

Kinachonitisha ni kwamba sijui kama picha ni mbaya kweli, au moyo wangu ndio umeharibika. Huenda mtu mwingine ataona gauni na bustani na kufurahi. Nikisema ni mbaya, ninaufunga ukumbi kwa mdomo wangu. Nikisema ni nzuri, mtu atatoka Mutuka na mtoto mgongoni, na atakaporudi atajua kwamba Mama Tere alikufa na ukweli wake. Kesho asubuhi ni lazima niende bombani, ndoo hazina maji. Ninatamani bomba likauke.

Jumapili, baada ya misa

Niliishia hapo, nikalala vibaya. Nimalizie.

Jana nilikwenda bombani nimeshaamua. Nitasema ni nzuri. Nilijizoeza njiani kabisa, nikaona neno lenyewe ni jepesi. Wanawake walikuwepo, wakanisalimu, nikasogezewa nafasi kama uliyokuwa unasogezewa wewe. Mama Elia, jirani yetu, ndiye aliyeuliza. "Haya Mwalimu, ya leo ipoje?"

Nikafungua mdomo nikasema si nzuri.

Sijui kwa nini, Mama. Walikuwa wameweka ndoo chini, wote, wananiangalia kama walivyokuangalia wewe, na lile neno jepesi halikutoka. Nikaanza kuwaeleza chai na urithi. Nikafika kwa yule mama aliyekufa. Nikasema hakuna aliyemfunika. Nililia pale bombani mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, ndoo yangu inafurika. Mama Elia akafunga bomba. Akanitwisha ndoo, akanisindikiza mpaka mlangoni, akarudi.

Unajua sikuwa nimekulilia. Tulikupeleka kuzikwa kwenu Mbulu kwa lori la misheni, na waliopanda ni wale wachache walioenea, kwa kuwa dizeli ya lori la pili haikupatikana. Mvua zilikuwa zimekata njia ya mabasi. Niliporudi Babati nilishika chaki siku hiyohiyo. Waliokuja kunipa pole niliwapokea nimesimama, nikawashukuru, wakaondoka. Nilijiona nina nguvu.

Mchana nikaenda ukumbini mapema kumwambia Baba Zuberi kwamba nimemfungia ukumbi. Nilitembea nikipanga maneno ya kuomba radhi. Nilipokata kona nikaona watu. Maisaka yote ilikuwa pale, na Nakwa, na wa Mutuka wamekaa kwenye nyasi wanakung'uta vumbi viatuni, kina mama wamejifunga kanga kiunoni. Baba Zuberi alikuwa mlangoni hajui aweke wapi mikono. Akaniuliza nimewaambia nini. Nikamjibu nimewaambia ni mbaya. Akacheka sana, akidhani ninatania.

Picha ikaanza. Nilikaa nyuma nikiwaangalia wao badala ya shuka, na hofu yangu ikawa kubwa kuliko ya asubuhi. Hakuna aliyecheka. Wazee walisinzia kwenye chai ya kwanza. Yule mama alipokufa na binti akaimba, mtu mmoja akafyonza, na ukumbi mzima ukahema. Nilisubiri waanze kutoka. Hakutoka hata mtoto.

Taa zilipowaka nikasimama karibu na mlango nipokee aibu yangu. Wakapanga mstari. Mmoja mmoja wakanishika mkono, wananiambia pole, Mwalimu, pole sana, na wanaume wamevua kofia. Mwishoni akaja bibi mmoja wa Mutuka, yule mrefu aliyekuwa akinunua kwako karanga za chumvi kila mara. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Picha ni mbaya kama ulivyosema," akaniambia. "Hatukuja kwa picha. Mama yako tulikuwa hatujamlilia."

Nikakaa chini kwenye kizingiti, Mama, naye akakaa nami, na wengine wakarudi. Tulikaa pale mpaka jua likakaribia kuzama. Mtu alianza wimbo wa kanisani kwa Kiiraqw, lugha ya kwenu, ule uliokuwa unaupenda, na Baba Zuberi, Mwislamu wa Kondoa, akasimama kando ameinamisha kichwa mpaka ukaisha. Wenye ukumbi walipita wakaona umati. Leo wametuma neno kwamba mahindi yatatafutiwa mahali pengine.

Ungedhani sasa nimetulia. Sijatulia hata kidogo. Baba Zuberi anatembea mjini kama bwana harusi, anasema watu wamerudi, na mimi sina moyo wa kumwambia kwamba walikuja msibani. Msiba wako ulikwisha jana. Alhamisi basi la Arusha litashusha makopo mengine, Ijumaa nitakaa kiti chako, na Jumamosi nitakwenda bombani nikiwa sina machozi ya kunisaidia. Hakuna atakayekuja tena kwa ajili yako. Wakija, watakuja kwa sababu niliwaambia ni mbaya, wakaenda, wakakuta ni mbaya, wakaona sisemi uongo.

Naogopa, Mama. Lala salama huko kwenu milimani.

Ni mimi binti yako,
Tere