Patu Saba za Yeon-suk

Busan, 3 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Mimi ni mzima, nimepata kazi kwenye kiwanda cha samaki. Salamu zimeishia hapo.

Niliondoka bila kuaga kwa sababu hata ukiagwa husikii. Nilitoka sokoni nikakuta umezikata patu zangu saba za ngoma, vipande viko kwenye chungu cha kuyeyushia shaba. Kazi ya miezi mitano! Nilipokuuliza ukasema, "Bubu. Zote bubu."

Hazikuwa bubu, Baba. Zilikuwa zinalia vizuri. Kasoro iko masikioni mwako. Hizo mashine za masikio ulianza kuzivaa Mama akiwa hai, huu ni mwaka wa tisa. Nimekuomba mara ngapi uende ukapimwe upya, ubadilishe? Sirudi Hamyang.

Binti yako,
Yeon-suk

Hamyang, 15 Machi

Yeon-suk,

Salamu. Mgongo ni wangu, niachie mwenyewe.

Mashine ni nzima. Naweka betri mpya kila wiki, zinawaka, nasikia. Kitu kizima hakitupwi. Leo asubuhi tu nimemsikia mbwa wa akina Pyo akibweka. Mimi nilianza kuzipa patu sauti nikiwa na miaka kumi na tisa. Wewe una miaka minne kwenye nyundo, unanifundisha nini? Ulikuwa mvivu wa mapigo ya mwisho, na mapigo hayo ndiyo yanayoufanya upatu ulie. Kaa huko huko ukakaange samaki.

Baba yako

Busan, 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Habari za afya siulizi, umenikataza.

Mbwa wa akina Pyo alikufa kabla ya sikukuu ya mavuno. Wewe ndiye uliyemchimbia shimo. Sasa asubuhi ulimsikia nani? Labda hizo mashine zenyewe, maana zinapiga filimbi mpaka barabarani, wewe mwenyewe tu ndiye usiyezisikia. Muulize Mzee Gu pale kwenye tanuri, mwambie aseme kweli. Halafu umwombe arudie, maana hutamsikia.

Binti wa Mama

Hamyang, 20 Aprili

Usimtaje mama yako. Usiniandikie tena.

Fundi Ok Byeong-du

Hamyang, 11 Agosti

Yeon-suk,

Hujambo? Joto la huko likoje? Unakula? Mimi nimepungua kidogo, lakini natembea.

Nilikukataza kuandika, ukatii. Kwa mara ya kwanza maishani mwako.

Mwezi wa sita kundi la ngoma la Jinju lilinirudishia patu mbili. Kiongozi wao, mama mmoja mnene, alizipiga hapa uani. "Mzee, zinagombana hizi. Sikiliza." Nikamwambia ziko sawa. Akanitazama kama watu wanavyotazama mgonjwa, nikamfukuza.

Kesho yake nikamuuliza Gu mbele ya mafundi wote. Akanisogelea, akapaza sauti: "Miaka miwili tunanyamaza kwa kukuheshimu! Za binti ndizo zilizokuwa zinalia. Zako hazilii!" Nilimrushia koleo. Namshukuru Mungu nilimkosa.

Nikapanda basi kwenda kupimwa. Mtaalamu ni msichana, mdogo kuliko wewe. Akasema mashine zinawaka kweli, lakini ziliwekwa kufuata masikio niliyokuwa nayo miaka tisa iliyopita. Masikio yamezorota, na hizo zimechoka, hata zikirekebishwa hazina nguvu ya kuyafikia. Sauti nyembamba zilinipotea moja moja, wala sikujua. "Babu, ungekuja kila mwaka. Mbona hukuja?" Nikamuuliza bei ya mashine mpya. Wewe nitakujibu: niliogopa kuambiwa niweke nyundo chini.

Hii ni wiki ya sita na mashine mpya. Mwanzoni zilinitesa. Karatasi inapiga kelele, maji yanapiga kelele, kijiko cha Gu kwenye bakuli nilitamani kukivunja. Nilizivua nikazifungia kabatini siku nne. Yule msichana akampigia Gu simu kuniulizia, akanigombeza kupitia kwake, nikazivaa tena.

Jana nilizipiga patu zote za ghalani. Nimekata kumi na nne zangu. Yako hata moja haikubaki ya kusikiliza. Hilo nimelifanya mimi, halina dawa.

Sikuombi urudi.

Baba

Busan, 25 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kula, usijifanye mwamba.

Barua yako niliichana, kisha nikaiunga kwa gundi ya karatasi nikaisoma tena. Kukata zako hakufufui zangu. Tusidanganyane kwamba tumelingana.

Kiwandani nimeaga. Nimepata fundi mwingine wa patu, huko Gimcheon. Nyundo yake si hodari kama yako, lakini anapokosoa anaonyesha kosa liko wapi. Naanza kwake mwezi ujao. Kwako sitafanya kazi tena.

Mwaka mpya nitakuja siku mbili. Mruhusu Mzee Gu aende kwao mapema, tubaki wawili. Nina mengi ya kukwambia, mengine mabaya sana, na nitayasema kwa sauti ya kawaida. Uyasikie yote.

Mwanao,
Yeon-suk