Mizani Niliyoweka Mlangoni

Senge yangu,

Wenzangu wote wanaita dada za baba zao anti. Wewe ulikataa, ukasema anti ni wa watu wa mjini. Basi Senge, kama tunavyomwita shangazi kwa lugha ya kwetu.

Tangu tukuzike Butula nimetoka kliniki, sasa nafundisha wanafunzi wa lishe chuoni. Na somo nililopewa ungelicheka: kumsaidia mgonjwa ale vizuri bila kuanza na uzito wake, bila kumwambia apunguze mwili. Mimi! Mimi niliyeweka mizani mlangoni, hupati dawa ya presha kabla hujapanda, na kilo zako nazitaja kwa sauti ili karani aandike. Foleni nzima ilisikia zako.

Nilikukataza chapati na muhogo, ukapungua. Madereva wa malori waliokula kwenye kibanda chako Malaba wakaanza kuulizana kama uko salama. Ulinipigia simu: "We mtoto, watu wanasema niko na ule ugonjwa wa kukondesha. Nirudishie mwili yangu." Nikacheka. Ukarudi kula, mwili ukarudi, kisha ukaacha kuja kliniki. Nilidhani umenikasirikia tu. Kumbe, binti yako ameniambia juzi, uliona haya kupanda mizani mbele yangu. Dawa zikaisha, ukanyamaza. Halafu kiharusi.

Sijui niwaze nini, Senge. Mtoto aliyekonda kule wodi ya watoto lazima apimwe, hilo najua. Lakini wewe? Ningekuacha na mwili wako, ungekuwa hai? Au presha ingekuchukua vilevile? Siku nyingine nasoma maelezo ya somo na kukubali kila neno. Siku nyingine nataka kuyachana, kwa sababu yakiwa kweli, basi mimi... Siwezi kumaliza hiyo sentensi.

Jana mwanafunzi mmoja aliuliza, "Lakini madam, kuna mtu amewahi kufa kwa sababu alipimwa kilo?" Darasa likacheka. Nikasema hapana, tukaendelea na somo. Nilifika nyumbani nikalia mpaka ugali ukaungua.

Pumzika, Senge. Sikuombi msamaha leo, maana bado sijajua kosa langu linaanzia wapi na linaishia wapi. Nakukosa sana. Ila Jumatatu, kabla sijafungua kitabu, nitamwita yule mwanafunzi nimwambie mbele ya wenzake kwamba nilidanganya. Yuko mtu, na ni senge yangu.

Mtoto wa kaka yako,
Nafula