Dawa za Mama Zilipoisha

Wanja wangu, salamu kutoka Ishiara. Baba yako, yule mwalimu mkuu niliyemzaa mimi, yuko salama, na ndengu zimekauka vizuri.

Unauliza kwa nini sikosi kliniki ya presha hata nikijisikia mzima. Nikiwa msichana, mama yangu aliugua presha, akapata nafuu kwa dawa za kliniki, nami nikasimama kanisani nikatangaza kwamba maombi yangu yamemponya. Dawa zilipoisha akaniuliza, "Mwanangu, hatuendi kuchukua zingine?"

Nikamjibu, "Mama, watu wote wamesikia umepona! Wakikuona pale kliniki je?"

Hakwenda tena kliniki, asije akaniaibisha. Tukamzika kabla ya mavuno.

Kila mwezi nikipokea dawa zangu, namwona bado ameketi, akingoja niseme twende.

Niombee, mjukuu wangu.

Cucu wako