Za Mwizi Huyu ni Sitini na Nne

Bweni la Tatu, Chumba 14
Jumatatu, 9 Machi

Mpendwa dada, mwenzangu wa mapambano,

Shikamoo. Wewe na shemeji hamjambo? Kikohozi cha mtoto kimewaacha mlale? Mimi ni mzima. Hasira tu ndiyo iliyokuwa ikininyima hamu ya kula, nayo imepata dawa.

Kumbuka miaka mitatu iliyopita. Mhadhiri wako, yule tuliyemwita Suti, alikitangaza kifurushi chako cha programu kuwa kazi ya mikono yake. Ulipolalamika, aliiambia kamati ya chuo kwamba faili lake lina jina jingine kabisa. Wakakuita mzushi. Ukafungasha vitabu, ukaondoka bila shahada.

Jina! Jina la faili ni shati tu. Mtu hubadili shati, habadili alama za vidole.

Ijumaa niliiomba ripoti yako ya mradi maktabani. Ukurasa wa mwisho umechapwa hashi ya kifurushi: tarakimu na herufi sitini na nne, zinazokokotolewa kutokana na kilichomo ndani ya faili. Ukigusa hata nukta moja ndani, hashi nzima hugeuka; ukibadili jina la nje, haitikisiki. Chini yake pana mhuri wa maktaba, wa mwaka mzima kabla ya tangazo la Suti.

Nikalipakua faili lake palepale, nikalikokotolea hashi. Kobe, mwenzangu wa chumbani, akasoma kutoka kwenye skrini, mimi nikifuatisha kwa kidole karatasini.

"Tatu, efu, tisa, a..."

"Wanangu," mkutubi akauliza, "mnasoma namba au mnasoma dua?"

"Dua ya kumwangusha mtu, mama," Kobe akajibu.

Zilifanana zote! Mvivu yule aliiba bila hata kufungua alichokiiba. Wanasema za mwizi ni arobaini. Za huyu ni sitini na nne.

Usinihubirie msamaha, dada. Heshima yako aliila hadharani, ataitapika hadharani. Sitaki radhi za kunong'onezwa ofisini. Nataka kamati ileile, viti vilevile, na ikiwezekana suti ileile.

Msalimie shemeji, umbebe mpwa wangu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, bado anaifuta vumbi fremu tupu aliyoinunua kwa picha ya mahafali yako. Mungu aitie nguvu sauti yako, maana utaihitaji.

Mdogo wako akupendaye, asiyesahau.

Kamati inakutana Alhamisi, saa nane kamili mchana, Ukumbi wa Pili. Nitakupigia, niiweke simu mezani mbele ya Suti. Alama ya kwanza ya hashi itamke wewe: ni tatu.